Mbegu Isiyoshukuriwa

Nilifunga safari kwa sababu ya ng'ombe mmoja na mtoto mmoja. Ng'ombe aliitwa Malkia. Mtoto ni mjukuu wangu Oliva. Mama yake, binti yangu Edita, aliugua mara tu baada ya kujifungua na maziwa yakamkauka. Miaka ile ya foleni hata maziwa ya kopo hayakuwapo. Kopo lenyewe tuliliona kwa jirani, limegeuzwa kibaba cha kupimia chumvi. Basi Oliva akawa mtoto wa Malkia. Asubuhi na jioni nilikamua, nikachemsha, nikampa, naye akanenepa.

Ninyi wa kikundi chetu cha maziwa mnaijua baridi ya huku kwetu juu ya Njombe, lakini naandika na kwa wale watakaokuja baadaye. Mwezi wa sita sakitu, ile barafu ya alfajiri, huanguka usiku, na asubuhi mabingobingo yote ya kulisha ng'ombe yamekuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Zamani tulikuwa tunapanda oti kwenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni, kwa ajili ya miezi hiyo, mbegu tukinunua mjini. Halafu mbegu zikaadimika, duka likabaki na rafu na mwenye duka. Mwaka ule Malkia alikula maganda ya mahindi na majani makavu ya bondeni mpaka mbavu zikahesabika, na maziwa yakashuka hadi kikombe. Oliva alilia kwa njaa mpaka sauti ikamkwama. Tulivuka kwa sababu wengine wenu mlinigawia maziwa ya watoto wenu. Sijasahau, na asanteni tena.

Mimi ni mtu wa asante. Nililelewa hivyo; ukinipisha njiani nakushukuru, ukinipa maji nakushukuru kwa maji na kwa kikombe. Mdogo wangu Salma hunicheka kwamba siku ya kufa nitamshukuru mchimba kaburi. Salma huyu aliolewa Musoma na fundi cherehani, akasilimu, na ndiye aliyeniandikia kwamba kule Bunda kuna bwana mifugo anayejaribu majani ya msimu mmoja kwa ajili ya ng'ombe, aina kadhaa, kila moja na tuta lake. "Njoo uone mwenyewe," aliandika. Mkanichangia nauli, nikafunga viazi, maharage na blanketi, nikamwachia Edita mtoto na ng'ombe. Ilikuwa mwezi wa tisa. Mvua zetu za kupandia huanza Desemba, kwa hiyo nilipaswa kuwa nimerudi na mbegu kabla ya hapo, la sivyo baridi nyingine ingetukuta mikono mitupu.

Kutoka Njombe hadi Dodoma nilisafiri juu ya magunia, malori yakiongozwa na sala za madereva kuliko usukani. Sitawachosha na habari za treni ya kwenda Mwanza. Mwenye kuipanda miaka ile anajua, na asiyeipanda hataamini. Nitasema tu kwamba mama mmoja nisiyemjua alinipa nusu ya kiti chake kutoka Tabora. Nilimshukuru mpaka akaniomba ninyamaze alale. Mwanza nikapata meli ya Musoma.

Asubuhi tuliingia Musoma. Sikuwa nimewahi kuona maji matamu mengi kiasi kile. Nilidhani wananitania waliposema hayana chumvi, nikachota kwa kiganja nikaonja, na watu wa gati wakacheka. Shemeji yangu Hamisi alikuwa amekuja kunipokea na baiskeli. Ni mtu mrefu, mpole, babu yake alitoka Kongo na bibi yake Tabora, na yeye mwenyewe amezaliwa Nyasho, mtaa wa hapohapo mjini, na hajui kwingine. Alifunga mzigo wangu nyuma ya baiskeli, tukaenda kwa miguu mpaka kwake.

Nyasho nilikaa siku chache kupumzisha miguu iliyovimba. Sukari ilikuwa hakuna, sabuni hakuna, vitambaa vya kushona hakuna, lakini samaki! Salma alinunua sato waliotoka Rukuba, kile kisiwa cha wavuvi, wakiwa bado wanapiga mkia, na furu wadogo wa kukaanga tuliokula pamoja na mifupa. Nilipotoa viazi vyangu, majirani walikuja kuviona kana kwamba nimeleta mgonjwa. Kila mmoja alipewa viwili vitatu, na kila mmoja akarudi na kitu: ndizi, mhogo, kipande cha sabuni ya magadi. Salma alinifinya kila niliposhukuru mara ya pili.

"Shemeji," aliniambia Hamisi akiwa kwenye cherehani, anageuza kola ya shati la mtu iliyochakaa, "huko unakoenda kutafuta majani, watu watakushangaa. Hapa majani yanajiotea yenyewe. Ng'ombe anatolewa asubuhi, anarudi jioni, kesi imekwisha."

"Kwetu majani yakijiotea, sakitu inayafuata," nilimjibu.

"Sakitu ni mnyama gani?"

Nilieleza nikashindwa. Mtu wa Musoma utamwelezaje barafu inayolala juu ya jani?

Bunda nilifika kwa lori la pamba lililokuwa linarudi tupu. Bwana mifugo, Bwana Wambura, alikuwa na nyumba ya serikali nje kidogo ya mji, na nyuma yake ndipo yalipokuwa matuta, manne, yamezungushiwa miiba na kumwagiliwa kwa ndoo kutoka kisimani, maana kiangazi kilikuwa kikali. Nilipomweleza nimetoka Njombe kuja kuyaona majani yake, alikaa chini juu ya ndoo.

"Mama, tangu nimepanda, watu wanapitaga hapo njiani wananiuliza kama nimerogwa," alisema. "Mtu mzima anamwagilia majani! Wewe ndiyo wa kwanza kuuliza yanaitwaje."

Akanionyesha moja moja. Tuta la kwanza lilikuwa la oti, rafiki yangu wa zamani, na nilikaribia kulia nilivyoliona, maana jua la Bunda lilikuwa limeliua likiwa kimo cha kiganja. La pili lilikuwa mtama wa Sudan, ule wa malisho, mrefu na wa kijani kibichi. La tatu uwele. La nne, kwa mshangao wangu, lilikuwa ulezi tu, ulezi wa uji, ila wa aina ndefu yenye majani mengi.

Jioni ng'ombe wake waliporudi tulifanya jaribio lake alilolipenda. Alikata fungu la kila jani, tukayapanga mbele ya ng'ombe mmoja jike mwekundu, tukasimama pembeni tumekunja mikono kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ng'ombe alinusa, akaenda moja kwa moja kwenye mtama wa Sudan akaumaliza. Kisha akala ulezi. Uwele akala majani, akaacha mabua. Oti iliyokauka aliikanyaga.

"Basi nipe mtama," nilisema. Nilikwisha kumwona Malkia amesimama katikati ya mtama ule.

Bwana Wambura akatikisa kichwa. "Ng'ombe huyu hajui baridi ya kwenu. Mtama ukidumaa, iwe kwa jua ama kwa baridi, unatengeneza sumu kwenye majani machanga. Ng'ombe anakulaga, anavimba macho, anaanguka saa hiyohiyo. Hapa naukata ukishakuwa mrefu, hauna neno. Kwenu, kwa hiyo baridi unayonisimulia, utadumaa tu. Utamuua."

Nilikuwa nimekuja mbali hivyo na nilikuwa karibu kubeba kifo cha Malkia kwenye mfuko.

"Na ulezi?"

"Ulezi hauna sumu hiyo. Na unaota mpaka milimani huko Tarime kwenye ubaridi. Sakitu itauua, hilo sikufichi. Lakini wewe utaupanda mvua ikianza, utaukata kabla haujakomaa, utaukausha. Ulezi mkavu unabaki na utamu wake, siyo kama mahindi. Baridi ikija, wewe una ghala."

Yeye mwenyewe mbegu ya ulezi hakuwa nayo. Alikuwa amepanda yote. Aliipata Butiama kwa mama mmoja aitwaye Mama Wegesa, karibu wa mwisho kuulima ulezi ule mrefu, kwa sababu wengi walikuwa wameuacha wakafuata ule mfupi unaowahi kuiva. Akanikatia na muhogo wa njiani. Nilimshukuru kwa muhogo, kwa elimu na kwa ng'ombe wake mwekundu, mpaka akacheka.

Siku iliyofuata nilishukia Kiabakari, nikatembea hadi Butiama. Nchi ile ina majabali makubwa yaliyopandana, na nyumba zimejibanza katikati yake kama kuku kwenye kivuli. Kwa Mama Wegesa nilisikia kabla ya kuona: fimbo zikipiga chini, sauti za wanawake wakiimba. Ilikuwa risaga, kazi ya ujirani. Leo wote wako kwako, kesho kwa mwingine, na mwenye kazi anawapikia. Walikuwa wanapura ulezi. Nilisalimu, nikaweka mzigo chini, nikapewa fimbo. Hawakuniuliza nimetoka wapi mpaka lundo lilipokwisha. Huo ndio ukarimu ninaoupenda mimi, wa kukupa kazi kwanza.

Mama Wegesa alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru. Tulipokaa kula ndipo akageuka. "Haya, mgeni. Sema sasa."

Nikasema. Kwamba natafuta mbegu ya ulezi mrefu. Kwamba nataka kuupanda kwetu, niukate ungali mbichi, nimpe ng'ombe.

Vidole vilisimama kwenye sahani. Wanawake walitazamana. Mmoja alisema kitu kwa lugha yao na mwingine akaguna.

"Ulezi?" aliuliza Mama Wegesa taratibu. "Huu wa uji wa watoto? Unaukata haujazaa bado, unampa ng'ombe?"

Nilitamani majabali yale yanifunike. Kwetu ulezi ni wa pombe zaidi, sikujua kwao una heshima gani. Kwao mwanamke aliyejifungua hupewa uji wa ulezi, mtoto anayeachishwa ziwa hupewa ulezi, mgonjwa hupewa ulezi. Nilikuwa nimeingia nyumba ya watu, nikala chakula chao, kisha nikaomba chakula cha mtoto nikakitupe zizini.

Sikuwa na ujanja ila kusema kweli. Nikawasimulia habari za Oliva. Nikasema jinsi sauti ilivyomkwama kwa kulia, jinsi Edita alivyokuwa akitoka nje ili asisikie. Nilisema maziwa ya Malkia ndiyo uji wake. Nikashindwa kumaliza, nikajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mama Wegesa alinawa mikono.

"Kumbe unampa mtoto," akasema mwishowe. "Ila unapitishia kwa ng'ombe."

"Ndiyo, dada. Hivyo hivyo."

"Sasa si ungesema hivyo mwanzo! Umetutisha." Na wanawake wakaangua kicheko, na sahani zikasogea tena.

Nilitazama lile lundo safi tulilopura, jekundu kama udongo wa kwetu, nikatoa mfuko wangu. Mama Wegesa akausukuma mfuko pembeni. "Hiyo ni chakula. Mbegu haipurwi." Akaingia jikoni, akapanda juu ya kigoda, na kutoka darini juu ya mafiga akashusha fungu la masuke yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge pamoja na mabua yake, meusi kwa masizi, yakinuka moshi wa miezi mingi. Moshi huzuia wadudu, alieleza; na suke likibaki kwenye bua lake, anayepewa anaona urefu wake, anajua anachopanda. Alitenganisha fungu mara mbili, akanipa lile kubwa.

Nilipiga magoti. Mnanijua. Nilifungua kinywa, na kabla sauti haijatoka, kiganja cha Mama Wegesa kilikuwa kimeniziba mdomo, chenye masizi na vyote.

"Usithubutu!" alisema. "Mbegu haishukuriwi. Ukishukuru sasa, inajiona imeshafika, inakataa kuota. Kwetu mtu anashukuruga akishavuna."

"Lakini dada..."

"Nyamaza! Ukivuna, utasema. Mimi nitasikia."

Basi kwa mara ya kwanza maishani nilipewa kitu kikubwa nikakaa kimya. Wanawake walinitazama nilivyoteseka wakafurahi sana. Nililala kwake, nikaondoka asubuhi, naye akanisindikiza hadi njia kuu, na hata pale, akiniona midomo inachezacheza, alininyooshea kidole.

Kurudi Nyasho, Salma alinicheka mpaka akakaa chini: dada yake ametoka Butiama bila asante moja! Hamisi hakucheka. Alilitazama fungu.

"Shemeji, hii ni nafaka. Nafaka kutoka mkoa kwenda mkoa inataka kibali, na meli haiendi wiki hii, mafuta hakuna. Utapita barabarani. Kizuizini wanashusha kila kitu. Watu wanachukuliwa magunia, wanaitwa walanguzi."

"Nipure basi, niifiche kwenye nguo?"

Alifikiri. "Ukiificha ndiyo umekuwa mlanguzi. Iache ilivyo." Kitambaa hakuwa nacho, lakini alifumua mfuko wa zamani wa unga, akanishonea mfuko mrefu mwembamba kama podo la mishale, fungu likaingia bila kuvunjika suke. Alishona mshono mara mbili. Huyo nilimshukuru nilivyotaka, maana mfuko si mbegu.

Kizuizi kilikuwa mbele ya Bunda, karibu na mpaka wa mkoa. Basi lilisimama, tukaambiwa tushuke na kila mtu asimame na mzigo wake. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa na ulezi kwenye debe chini ya nguo. Ukatolewa, debe likawekwa pembeni kwenye lundo la mizigo mingine, naye akaanza kusihi. Sikuwaza nafaka, niliwaza Oliva. Mvua ya Desemba haingenisubiri niende tena Butiama, na hata ningekwenda, ningemwambia nini Mama Wegesa? Kwamba nimempa nusu ya mbegu yake mtu wa kizuizini?

Askari mgambo aliyefika kwangu alikuwa kijana mwenye uso mkavu. Alifungua mfuko, akaingiza mkono, akautoa mweusi.

"Nini hii?"

"Mbegu, mwanangu."

"Kila mtu hapa ana mbegu. Kibali?"

"Sina."

"Unapeleka wapi?"

"Njombe. Ni ya kupanda, kwa ajili ya ng'ombe anayemlea mjukuu wangu." Niliposema hivyo niliona jinsi maneno yale yalivyosikika kama uongo wa mtu aliyekosa uongo mzuri.

Aliinua mkono wake kutazama masizi. Kisha akaunusa. Akaunusa tena, taratibu, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Umepewa wapi?"

"Butiama. Mama mmoja alishusha juu ya mafiga."

"Alipokupa, ulimwambiaje?"

Nilidhani ni mtego. "Sikumwambia kitu."

"Umetoka Njombe, umepewa mbegu yote hii, hukusema hata asante?" Alinitazama machoni.

"Alinikataza!" nilisema, na uchungu wa siku zote zile ukanitoka kwa pamoja. "Nilitaka kushukuru, akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye masizi. Akasema nikishukuru haitaota. Nimetoka pale kama mtu asiye na adabu, na mimi sikulelewa hivyo!"

Kijana yule alicheka. Alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Huyu mwacheni," aliwaambia. "Ni mbegu kweli. Hilo la kuzibwa mdomo, mlanguzi angelitoa wapi? Mama yangu alikuwaga anafanya hivyohivyo, hata padri alimziba mdomo." Aliingiza mkono tena, akavunja suke moja, akanusa, akalitia kwenye mfuko wa shati. "Hili naomba, mama. Nina muda sijafika nyumbani."

"Chukua mwanangu, chukua mawili. Asan..."

Akainua kiganja. "Na mimi usinishukuru. Utaharibu."

Nilipanda basi nimebana midomo. Yule mama wa debe alikuwa bado anasihi chini, na sijui ilikuwaje kwake, maana basi liliondoka bila yeye. Naliandika hili kwa sababu furaha yangu siku ile haikuwa nzima.

Nyumbani nilifika Novemba imeanza. Oliva alinisahau kidogo, akaficha uso kwenye shingo ya mama yake. Malkia hakunisahau. Nililitundika fungu juu ya mafiga yangu, nanyi mlipokuja kuona mbegu ya Musoma mkaona masuke meusi, wapo waliocheka kwa adabu na wapo waliocheka waziwazi.

Desemba nilipanda mahali pawili, kipande cha mteremkoni na kipande cha bondeni. Pembeni, kwa ukaidi, nikapanda kiganja cha mtama wa Sudan nilioomba kwa Bwana Wambura ili nione kwa macho yangu. Mtama ulifika magotini, ukawa mwekundu ukadumaa, kama alivyosema. Niliung'oa wote nikauchoma kabla Malkia hajauona. Ulezi wa bondeni ulikuwa wa manjano na mfupi, ubaridi wa maji uliusumbua. Lakini wa mteremkoni! Mlipita mkauona. Uliota ukanifika kiunoni, ukajaa majani. Aprili, masuke yalipoanza tu kuchungulia, niliukata, nikauanika juu ya vichanja, nikaacha kona moja ikomae kwa mbegu. Mzee mmoja wa kanisani aliniuliza kama nimekosa kazi, nakata ulezi ukiwa na mimba. Nikamjibu kwamba nampa mtoto, ila napitishia kwa ng'ombe.

Juni sakitu ilianguka. Asubuhi ile nilitoka, mabingobingo yalikuwa meusi bonde zima. Nilifunua kichanja, nikatoa ulezi mkavu uliokuwa bado na rangi ya kijani ndani, nikaweka mbele ya Malkia, nikasimama pembeni nimekunja mikono kama kule Bunda. Alinusa, akala. Maziwa yalipungua, siwezi kusema uongo, lakini hayakukauka. Julai yote Oliva alikunywa asubuhi na jioni, na mdomo wake ukabaki na mstari mweupe ambao sikutaka kuufuta.

Siku ile ningeweza kupiga kelele za asante mpaka Butiama isikie. Lakini niliona asante ile haifai kuandikwa. Mama Wegesa hasomi, na alisema atasikia. Nilitaka ipelekwe na mdomo wa mtu. Na nani angekwenda? Mafuta yalikuwa ya kuomba, mabasi ya kuhesabu. Ukapita mwaka, ikapita mingine. Mbegu niliwagawia ninyi, kila mmoja fungu lenye masizi, na kila mmoja nikamziba mdomo. Malkia alizaa, akazeeka. Vizuizi vya nafaka vikaondolewa, maduka yakajaa, maziwa ya kopo yakarudi na mbegu za oti kwenye pakiti zenye picha, na watu wakaanza kusafiri na biashara popote wapendapo. Hapo ndipo mpwa wangu Joeli, aliyekuwa akiuza mitumba, akasema anakwenda kujaribu soko la Musoma.

Nilimpa suke moja la ulezi wetu, refu, lenye bua lake na masizi ya jiko langu. Nikamfundisha maneno, akayarudia mbele yangu kama mtoto wa kipaimara: "Yule mgeni wa Njombe amevuna. Ng'ombe alikula, mtoto alikunywa. Anasema asante." Na nikamwagiza amsalimie kila askari atakayemwona njiani, maana mmoja wao ananidai asante na sijui jina lake.

Joeli aliporudi nilimshika mkono kabla hajaweka begi chini. Alimkuta, akasema. Mama Wegesa sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo, na alikuwa amekaa kwenye mlango wa jiko. Ulezi mrefu bado anao. Alipolisikia neno Njombe aliwanyamazisha watu wa nyumbani wote. Joeli akayasema maneno yangu yote, akampa suke. Bibi alilipima kwa mkono toka bua hadi ncha, akalinusa, akalishika kifuani. Miaka yote ile, wajukuu zake wakamwambia Joeli, kila mgeni aliyefika kutoka mbali alikuwa akimuuliza kama amepita Njombe, na kama amesikia lolote. Asante yangu ilikuwa haijafika, na kwake hilo lilikuwa na maana moja, kwamba hatukuvuna.

Aliwageukia wajukuu, akalinyanyua lile suke ili waone.

"Kumbe ziliota," alisema.

Na nyinyi mnaosoma, mkivuna, semeni. Kuna mtu mahali anasikiliza.